Dawati la Dirishani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imeshuka kwenye meli pamoja na machungwa, na babu yako kayamaliza. Mguu wake umepona, ameanza tena kubishana na majirani.

Unauliza ufanye nini na wanafunzi wanaomcheka mwenzao anayetembea kwa magongo, maana walimu wenzako hapo Nansio wanasema ni utoto tu, utapita. Hautapita wenyewe, mama.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hapa Kirumba nilikuwa na Kabula, ambaye mama yake alianika dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni. Wenzake waliziba pua, wakakataa kukaa naye. Nikamhamishia dawati la dirishani, peke yake, ili upepo wa ziwani upunguze harufu. Nikajiona nimemsaidia.

Kesho yake alikuja sare imelowa chapachapa. Alikuwa ameingia nayo ziwani alfajiri. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, sasa naweza kurudi?"

Nikaliambia darasa, "Jana nilikosea mimi." Nikauliza nani wiki ile hakula dagaa kwao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikamrudisha Kabula mahali pake, nikakaa naye dawati moja nikisahihisha madaftari hadi kengele. Aliyeziba pua tena alijua atazungumza na mimi.

Basi kesho anza kwa kukaa kwenye dawati la huyo mtoto, wote wakiona. Wale wangu walikataa tu kukaa na Kabula. Aliyemtenga ni mwalimu wao.

Bibi yako anayekutegemea,
Mwalimu Veronika