Mshale Haukupanda

Uthiru, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Ndugu yangu Mutinda,

Nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu zako, wewe na Shemeji na Kioko, na wale mbuzi waliobaki. Mvua ilifika huko, au iliishia Kitui mjini kama kawaida yake? Mgongo wa Baba unasemaje siku hizi? Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki vizuri asubuhi. Hiyo si habari, ni kazi tu.

Najua utashangaa kuona karatasi. Tangu Krismasi nimekupigia simu mara sita, na mara zote sita hukushika. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, nisingeshika hata ile ya kwanza. Lakini jambo nililo nalo si la simu hata kama ungeshika. Nililisema mbele ya watu watano, nikiwa nimesimama, na neno la namna hiyo huwezi kulirudisha kwa kunong'ona katika sikio la mtu mmoja. Ndiyo maana naandika. Na naandika kwa Kiswahili ili Shemeji asome mwenyewe bila kutafsiriwa, maana siku ile tulizungumza Kikamba kitupu, naye, mtu wa Busia, akabaki akisoma nyuso zetu.

Unaikumbuka siku yenyewe kuliko mimi, lakini acha niiseme, nisije nikaonekana naikwepa. Miezi kumi na minne iliyopita gari la Baba lilizima kwenye mwinuko wa kutoka sokoni, wewe ukiendesha, Baba kando yako, magunia saba ya ndengu nyuma. Injini ilikuwa imeungua. Ile injini, Mutinda. Miaka minne nilijinyima kwa ajili yake, nikaileta mwenyewe na kuifunga kwa mikono hii. Nilifika kesho yake nikiwa na uchungu kama wa mfiwa. Nikaifungua, nikakuta hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, imepinda, nikaingia sebuleni nikakuuliza mbele ya wote: “Mshale wa joto ulifika wapi?”

Ukasema, “Haukupanda.”

Nikakuuliza mara ya pili. Ukasema, “Kyalo, nakwambia ulikuwa chini. Hata nusu haukufika.”

Nami nikajibu, na bado nayasikia maneno yenyewe: “Mshale haujui kudanganya. Mtu ndiye anayejua.”

Baba alinyoosha mkono, ukampa ufunguo. Basi. Nilipomaliza kuitengeneza injini, alimwajiri mtu wa nje aliendeshe gari, na wewe, mtoto wake wa kumzaa, unatembea kilomita tisa kwenda sokoni huku gari la kwenu likikupita na kukuachia vumbi. Mama ndiye aliyeniambia kwamba sokoni wamekupa jina. “Ee Mshale, leo umelala au umepanda?” Aliniambia akidhani nitacheka.

Sasa sikiliza kilichotokea hapa.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja, mama wa makamo, alifika gereji yetu gari lake likivutwa kutoka barabara ya Waiyaki Way. Injini yake ilikuwa imeshika, haizunguki hata ukiisukuma kwa chuma. Nikamwambia, “Madam, hii imekwisha. Uliona mshale ukipanda, ukaendelea tu?”

“Haukupanda.”

Nikacheka. Wafula, fundi mwenzangu, naye akacheka akiwa chini ya gari lingine, miguu tu ndiyo inaonekana. “Mwalimu, hiyo wimbo tumeizoea. Kila mtu akikuja hapa, mshale yake ilikuwa imelala.”

Yule mama hakupandisha sauti. “Mnanicheka? Mimi nimesahihisha Hisabati miaka ishirini na miwili. Mtoto akiniletea jibu nisilolipenda, simwiti mwongo kabla sijaifanya hiyo hesabu mwenyewe. Wewe umeifanya?”

Nikasema, “Sijaifanya.”

“Basi fanya.”

Mutinda, nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Nilifika Nairobi na spana moja, namba kumi na tatu, na hakuna aliyenifundisha kitu bila kunituma maji kwanza. Leo mtu akitaja sauti ya injini kwenye simu, namwambia ugonjwa wake. Na mwanamke huyu wa kushika kitambaa cha kufutia ubao ndiye aliyenituma nikafanye hesabu.

Nyuma ya gereji kulikuwa na gari bovu linalongoja kukatwa kuwa chuma chakavu. Injini yake ni ya aina ileile kama ya Baba, na saa zake zote za mbele, ile ya joto ikiwamo, zilikuwa nzima. Nikajaza maji, nikawasha, nikangoja. Mshale ukapanda mpaka katikati ukatulia, kama inavyotakiwa. Kisha nikachukua kisu nikakata mpira wa chini wa rejeta, lile tangi la kupozea maji ya injini. Lita sita zikamwagika kwenye karai kwa muda usiofika dakika moja. Sikuizima injini.

Wafula akaja mbio. “Mzee, unaua injini mchana hivi?”

“Ishakufa hii. Nataka tu kusikia maneno yake ya mwisho.”

Nilikuwa na kile kipima joto cha kulenga kama bunduki. Dakika ya kwanza, chuma cha hedi kilisoma nyuzi mia moja na kumi. Dakika ya pili, mia moja thelathini na moja. Ya nne, mia moja sitini na nane, na harufu ya oili inayoungua imejaa puani. Na mshale? Ulipanda upana wa ukucha, ukasimama, kisha ukaanza kushuka. Ukashuka, Mutinda. Injini ilipoanza kugonga na kufa, mshale ulikuwa chini ya robo, umelala kama wa gari lililowashwa sasa hivi asubuhi.

Yule mwalimu alitazama, akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga.

Maana yake ni nyepesi hata inaudhi. Kile kidude kinachoupa mshale habari kimechovywa kwenye maji ya injini. Kinapima maji, hakipimi chuma. Maji yakipungua polepole, mshale utapanda nawe utaonywa. Lakini yakimwagika yote mara moja, kile kidude kinabaki hewani. Ni kama kumuuliza mtu aliyekwisha kuhama kama paa la nyumba linavuja. Na sisi mafundi tunayaona magari yakishakufa. Anayeona mshale ni dereva, naye hatumsikilizi.

Kwa hiyo ulisema kweli. Ulisema mara mbili.

Ningeweza kuishia hapo, na ungeniona mtu mwema. Lakini swali linabaki: siku ile maji yalimwagikia wapi? Hakuna aliyeuliza. Mimi nilijua. Nilipoinama chini ya gari, kabla sijafungua chochote, niliuona mpira wa chini umepasuka. Mpira huo ulikuwa wa zamani. Nilipofunga injini mpya niliurudisha uleule, na kwa sababu kibano chake kilikuwa kimeliwa na kutu, niliufunga kwa waya, nikajiambia nitaleta kibano siku nyingine. Waya ukala mpira. Niliuona, nikauingiza ndani ya begi langu la vifaa, ndipo nikafungua injini, kisha nikaja sebuleni kukuuliza habari za mshale. Na uliposema haukupanda, ndugu yangu, nilipata nafuu. Niliona kosa limepata mwenyewe, na si mimi. Nilipaza sauti ili hata mimi nisijisikie.

Mpira huo umekaa kwenye droo yangu miezi hii yote kumi na minne.

Na bado nina langu juu yako, usidhani nimelisahau. Nilikwambia mara tatu usitie maji ya kisima kwenye rejeta. Yale maji ya chumvi hata mbuzi huyanywa kwa kulazimishwa. Nilipoifungua ile rejeta nilihesabu vijibomba arobaini na vinne, na kumi na tisa vilikuwa vimeziba kwa ukoko mweupe kama ule wa sufuria ya Mama ya chai. Hilo si lililoua injini, lakini lingeiua baadaye. Hilo ni lako, nami sitalibeba.

Yanayofuata nakuandikia wewe kama uliyekwisha kurudishiwa ufunguo. Kwenye mzigo kuna mpira mpya wa kuondoa ule wa mtumba niliofunga nilipoitengeneza injini, vibano viwili vya chuma, kifuniko kipya cha rejeta, na mtungi wa kulanti, yale maji ya kijani. Changanya lita tatu za kulanti na lita tatu za maji ya mvua kutoka tangi la paa, si kisima. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta uangalie maji, na uinamie chini utazame kama kuna tone. Injini ikiwa moto, usiguse kifuniko kabisa, ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuuachia. Fundi wa sokoni akikwambia thamostati, ile vali inayofungulia maji injini ikipata joto, ni kitu cha nchi za baridi aitoe, mwambie aitoe kwenye gari la mamake. Na hita, ile ambayo kwetu hakuna anayeigusa, ifungulie kidogo kila ukimaliza mlima. Ikipuliza joto, maji yapo. Ikipuliza baridi na injini ina moto, simama papo hapo, mshale useme utakavyo.

Mzigo nimeupeleka mwenyewe River Road jana, utakuja na basi la Mwingi. Ndani yake, chini kabisa, nimeuweka ule mpira wa zamani umefungwa kwa gazeti. Una ufa wa urefu wa kidole, na kando ya ufa utaona alama ya waya, imezunguka mara mbili.

Nakuomba uwaite walewale watano: Baba, Mama, Baba Mdogo Musyoka, Shemeji na wewe mwenyewe. Mkae palepale sebuleni. Uweke mpira mezani mbele ya Baba. Akiuliza waya ulifungwa na nani, wewe usijibu. Shemeji asome kuanzia hapa, kwa sauti:

Waya nilifunga mimi, Kyalo. Mpira ulipopasuka niliuficha mimi. Ndugu yangu Mutinda hakudanganya. Baba, nilikufanya umhukumu mtoto wako kwa neno langu, kwa sababu uliniamini kama fundi. Nakuomba umrudishie ufunguo kwa mkono wako, mbele ya hao waliokuona ukiuchukua.

Mwisho wa kusoma.

Mnisalimie Mama, na mwambie lile jina la sokoni lisitajwe tena nyumbani. Baba Mdogo, aliyeniambia siku ile nikae chini kwanza ndipo niseme, mwambie sasa nimekaa. Kioko mpe mkono, asome Hisabati kwa bidii. Shemeji, ulilia siku ile nami nikajifanya sikuoni. Nilikuona.

Mutinda, nimekupigia mara sita. Sitapiga mara ya saba. Ya saba ni yako, ukitaka.

Ni mimi kaka yako,
Kyalo