Kura Yangu kwa Shemeji Lucius

Toledo, Jumapili

Dada yangu mpendwa Ernestine,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii inayopasua midomo. Natumaini wewe, mama na watoto hamjambo huko Opelousas, na goti la mama limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Najua Lucius amekwisha kukupigia simu kwamba timu imemwacha. Kuna mengine nataka uyasikie kwangu mimi mdogo wako, kabla hajafika.

Msimu huu umemwendea vibaya. Zamani akipewa mpira mikononi akimbie nao kifuani, mabeki walibaki wakikumbatia hewa. Sasa wanamwangusha kabla hajachanganya miguu. Majuzi aliudondosha mlangoni kabisa mwa ushindi, na watu waliovaa jezi yake mgongoni wakamzomea: "Babu, nenda kalee wajukuu!" Yeye akawapungia mkono, akicheka. Unamjua.

Jumanne kocha mkuu, Bwana Halloran, alituita makocha tuamue. Wengine walisema vijana wanamsikiliza Lucius kuliko wanavyotusikiliza sisi, na mtu aliyetubeba miaka yote hii hatupwi kama kapi la muwa. Wengine wakasema mpira hauchezwi kwa shukrani. Walipogawanyika nusu kwa nusu, macho yote yakaniangukia mimi ninayewafundisha wakimbiaji, Lucius akiwemo. Halloran akasema, "Haya, Alcide, huyo si shemeji yako? Sema abaki, twende tukale."

Nikasema aondoke.

Akaniuliza tena, akidhani amesikia vibaya. Nikarudia.

Lucius alinikuta kwenye maegesho ya magari. Nilitegemea ngumi. Alisema tu, "Ungeniacha nimalizie msimu, shemeji. Ilibaki kidogo." Akapanda gari, akaondoka.

Sasa mama ananiambia kwenye simu kwamba Lucius amekueleza jinsi nilivyompigania mpaka machozi yakanitoka. Dada, sikumpigania. Amenisitiri ili usinichukie.

Sababu sikuitoa pale mkutanoni, maana kesho yake ingekuwa magazetini. Wiki iliyotangulia, mazoezini, aligongwa kichwa. Aliinuka mwenyewe, akaja kusimama kando yangu, akatazama uwanja kitambo. Kisha akaninong'oneza, uso umemjaa furaha: "Shemeji, hospitali wamepiga? Ernestine amejifungua?"

Delphine ana miaka minane, dada.

Nilishindwa kumsahihisha. Nikamwambia ndiyo, ni msichana, mama na mtoto wazima. Alinikumbatia akalia kama mtoto. Daktari wa timu alipofika, Lucius alikuwa amesharudi, anatania, anamtajia siku na tarehe. Nilimweleza daktari nilichokisikia. Akasema ni mshtuko mdogo wa ubongo, utapita. Mimi niliyemshika mikononi nilijua haupiti.

Anatua Alhamisi. Usimwache aendeshe gari. Mpeleke kwa daktari wa ubongo hata akikufokea, wala usimruhusu kujibu maswali peke yake, kwani anajua kujificha nyuma ya mzaha. Na siku akikuuliza jambo la zamani kana kwamba ni la leo, mjibu taratibu, kama furaha ile ni mpya.

Nibusie Delphine na kaka zake. Mama mwambie nakuja Krismasi, ikiwa mlango wako bado utanifungukia. Usipofunguka, nitaelewa, na nitaendelea kukupenda nikiwa barazani.

Ni mimi mdogo wako,

Alcide