Shuka Lisilo Langu

Korogwe, Jumamosi

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Saidi, prodyuza wangu, alinivalisha shuka jekundu kabla sijapanda jukwaani. "Yule Mzungu anayenunua nyimbo anataka rapa anayeonekana Mwafrika hasa. Mzigua wa Kabuku aliyevaa jinzi hauziki." Nikavaa. Nikachana kwa lafudhi ya Kimasai ya kuigiza, ile ya kwenye vichekesho, na uwanja mzima ukalipuka. Niliposema sasa naimba wimbo wangu wa mama na machungwa yake, watu wakapiga kelele: "Masai! Masai!" Nikarudia uleule wa Kimasai.

Niliposhuka, mzee mmoja wa Kimasai, mfugaji kutoka Kang'ata, alinisogelea akanyoosha mkono kuelekea kichwani kwangu. Kwao kijana husalimia kwa kuinama, mzee akamgusa utosini. Mimi nikaudaka ule mkono, nikautikisa. "Shikamoo, mzee!"

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. "Marahaba," alisema taratibu. "Nilidhani wewe ni mtoto wetu."

Mzungu amefurahi. Saidi amefurahi, anataka shoo nyingine kama hiyo, na sijamkatalia. Naogopa nikilivua hili shuka hakuna atakayenisikiliza. Tena wale waliopiga kelele wengi ni Wazigua wenzangu, sasa...

Nimejaribu kuchana ule wa mama hapa chumbani, peke yangu, kwa sauti ndogo. Mstari wa kwanza umetoka kwa lafudhi ileile ya jukwaani.