Gramu Mia Tano na Sitini

Doornfontein, Johannesburg
Alhamisi

Papa mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Falonne, pamoja na za shangazi, Tantine Jeannine. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, ile homa imemtoka? Sisi huku miili ni mizima, ila moyo hautulii. Naandika nikiwa nimeufunga mlango kwa komeo zote mbili.

Unajua Tantine hutengeneza mwenyewe sabuni ya kuoshea nywele za wateja saluni, kwa mawese na potasi. Majuzi potasi iliadimika, tukanunua kostiki soda badala yake. Nilipima mimi, mwanafunzi wa kemia, na Murielle, msichana wetu wa kazi kutoka Uvira, akakoroga.

Juzi mteja mmoja, mama anayetoka mtaa wa Alexandra, alioshwa akaanza kupiga kelele kwamba kichwa kinawaka. Ngozi ilibabuka mpaka nyuma ya masikio. Jana kaka zake watatu walikuja, wakasema sisi wageni tunawawekea sumu, wakataka jina la aliyetengeneza. Tantine, kwa woga, akamtaja Murielle. Anaamini Murielle ndiye aliyezidisha soda wakati wa kukoroga, maana vipimo vyangu havikosei. Wameahidi kurudi kesho na wenzao. Murielle hana karatasi za ukaazi, hathubutu kwenda polisi. Papa, naogopa sana. Gari likipunguza mwendo hapa chini, nazima taa na kuchungulia dirishani.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Jana usiku nilirudia hesabu. Nilipima soda gramu mia tano na sitini, sawasawa na potasi, kama vile ni kitu kimoja. Nawe ulinifundisha kwa maharage na mahindi kwamba punje mia za hiki na mia za kile hazina uzito mmoja! Moli, kile kipimo chetu cha kuhesabia punje, ya potasi ni gramu hamsini na sita, ya soda ni arobaini. Mafuta yalitaka moli kumi, yaani gramu mia nne tu. Mimi nilitia moli kumi na nne, na zile nne za ziada ndizo zilizomla yule mama.

Asubuhi hii Murielle alikuja kwangu analia, akaniomba msamaha kwa kuviharibu vipimo vyangu. Nami, Papa, nilimjibu kwamba nimemsamehe.

Msalimie Mama, umbusu Gaël mdogo. Mniombee. Kesho wakija, nitashuka mimi niwaambie ukweli, nikithubutu.

Mwanao,
Falonne