Nimepunguza Mwendo wa Mkanda, Lawama Anabeba Val

Bibi Merle mpendwa wa safu ya ushauri gazetini, niokoe, nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya banda la kuchambulia matunda ya cheri kwa sababu ndani siwezi kumtazama mtu usoni, maana mimi ndiye niliyemtengenezea Mjomba Des mashine mpya, ina kamera nne na chipu ya FPGA, ile unayoipangia kazi mwenyewe, inasafisha picha na kuzipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ikiona cheri imepasuka inaamuru hewa iipulize pembeni, sasa njia kati ya chipu na kompyuta nilichagua waya wa USB badala ya kadi ya PCIe inayofungwa ndani kabisa ya kompyuta, kwa kuwa mwaka juzi mashine ya zamani ilikufa wiki ya Krismasi, fundi kutoka mjini Hobart akaja siku ya tatu, cheri zimeoza, mjomba akaapa hataki tena kitu cha kufungua kompyuta, nami nikajigamba mbele ya klabu nzima ya kriketi, "Mjomba, waya mmoja tu, laptopu ikifa unachomeka nyingine, hata wewe utaweza!" wakapiga makofi.

Nyumbani nilijaribu na kamera moja, ikaenda safi. Bandani, kamera zote nne zikiwaka, USB inabeba mzigo lakini mara mojamoja inasita, chini ya kupepesa jicho, na hewa ikija cheri mbovu imeshapita, nzima ndiyo inaangushwa, basi nikapunguza mwendo wa mkanda unaobeba cheri bila kumwambia mtu, makreti yakawa hayajai, na jana mjomba akamvaa Val, mkuu wa meza ya wachambuaji, miaka ishirini na mbili yupo pale.

"Val, leo mmelala na glavu mkononi?"

"Cheri zinakuja moja moja kama wageni wa msibani, Des! Nizichume hewani?"

"Ijumaa lori lisipojaa, meza yako naifunga."

Nilikuwa pale na bisibisi mkononi, nikajifanya nakaza skrubu. Je, nihamie PCIe niaibike, au niendelee kuibembeleza USB kimyakimya? Tafadhali ficha jina langu.

Mpwa mwenye aibu, mji wa Cygnet

Mjukuu wangu,

Shule sikuiona, barua yako nimesomewa na binti yangu mara mbili, na mara zote mbili nimetamani kukufinya sikio.

Nimechambua cheri misimu thelathini na mmoja. Jirani yangu mezani alikuwa na viganja kama sepeto, anazoa kuliko sisi wote, lakini anapenda kugeuka kupiga soga. Akigeuka, bovu limepita. Huyo ndiye USB wako. Kubeba anabeba, ila hafiki kwa wakati, na mkanda haumngojei mtu. Kadi ya ndani haigeuki, binti yangu anasema inaweka picha moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Unalijua hilo kuliko mimi. Hukuniandikia kuuliza waya, umeniandikia kwa sababu ya makofi ya kriketi.

Mjomba wako naye si mjinga, anaogopa kungoja fundi. Basi nunua kompyuta mbili, zote zifungwe kadi mapema, moja ikae kabatini mbali na maji ya kuoshea. Ya kwanza ikifa, Des anahamisha nyaya za kamera na kuwasha ya pili. Hafungui kitu. USB ibaki ya kuchomekea laptopu yako ukitaka kutazama picha na kurekebisha mipangilio, kazi isiyo na haraka. Na safari hii jaribu kwa kamera zote nne, mkanda kwa mwendo wake kamili, kabla hujafungua mdomo.

Mpaka kadi zifike, mkanda uende polepole, lakini Des ajue ni kwa nini, umwambie mbele ya Val. Usiende kwa Val na keki ya kuomba radhi. Keki ni ya baadaye. Kwanza vaa glavu, simama na Val mezani mpaka lori lijae.

Jina lako nimelificha. Lakini mashine ya kamera nne bonde hili iko moja, na Val hulisoma gazeti hili kila Alhamisi akinywa chai ya saa nne. Jibu nimekutumia leo Jumanne, una siku mbili kabla hajalisoma. Shuka kwenye gari.