Tata, Nimeufungua Ukurasa wa Mashahidi

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini kwetu Igurwa mtoto haanzi maneno na baba yake bila shikamoo, na uwakili wangu wa Bukoba haujanifuta adabu hiyo.

Nakuandikia kuhusu kitabu chako, kile cha zamani cha kuwaelekeza mawakili na raia namna mahakama inavyofanya kazi, ulichopewa na karani mstaafu kabla sijazaliwa. Jalada lilipotoka ulikivalisha kipande cha gunia la kahawa, ukakishona mwenyewe, tena vibaya. Jumapili tukitoka kanisani ulikisoma kwa sauti huku Mama akimenya ndizi, na majirani wakikuletea mashauri yao: mbuzi aliyekula maharage, mke aliyerudi kwao. Ulilamba kidole, ukafunua, ukasoma polepole kama unasoma Zaburi. Ukurasa wa mashahidi ndio uliochakaa kuliko yote. "Shahidi alete macho yake, mwanangu," ulikuwa unaniambia. "Tumbo aliache nyumbani." Nilicheka. Nilipofika chuo kikuu na kuviona vitabu vinene vya sheria, nikakionea haya kitabu chako.

Miezi michache baada ya kukuzika, jirani yetu Mama Kokushubira alirudi kutoka Kyerwa alikokuwa akiishi kwa mwanawe. Akasimama kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, akauonyesha mti wa mulamula uliopo mpakani, akasema jambo alilolinyamazia miaka mingi: kwamba uliimega ardhi yake. Mama alilia. Unajua kwetu mulamula ukishaota mpakani hakuna anayeuliza tena, na upande wetu wa mulamula ule ndipo ilipo mibuni sita aliyoipanda Mama kwa mikono yake. Nilimtuliza kwa majivuno ya kiwakili. Nikamwambia yule mama hana shahidi wala alama, na mulamula umesimama pale tangu niko shule ya msingi. Shauri likapelekwa Baraza la Kata. Mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu pale, kwa hiyo nilijiandaa kwenda kama binti yako tu.

Siku moja kabla ya baraza nilikishusha kitabu chako, nimsomee Mama kidogo apate moyo. Kilijifungua chenyewe kwenye ukurasa wa mashahidi. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wako:

"Leo nikichimba shimo la mbolea nimekuta kisiki cha mulamula wa zamani. Huu uliopo ni mti niliouchomeka kuegemeza mgomba wangu uliozidiwa na mkungu, ukaota. Mpaka wa kweli uko hatua tatu kuja kwangu. Mama Kokushubira akirudi nimwambie."

Tata, nilikaa chini. Nilijisikia kama mtu aliyeingia kanisani na matope miguuni. Hakuna aliyekuona siku ile shimoni. Hakuna aliyekuuliza. Ukajifuta mikono, ukaenda kuandika ushahidi dhidi yako mwenyewe, halafu ukaugua kabla yule mama hajarudi. Mimi niliyesomea sheria miaka yote ile, nakiri kwako, niliushika ukurasa ule kwa vidole viwili na kufikiria kuuchana.

"Umekuta nini hapo?" Mama akauliza.

Unajua macho yake hayasomi tena. Ningeweza kusema chochote. Nikamsomea yote. Alimaliza kumenya ndizi aliyokuwa ameishika, akaitia kwenye maji.

"Basi kesho ukibebe," akasema.

Niliyasoma maandishi yako mbele ya baraza. Mama Kokushubira alijishika mdomo. "Yebabawe! Na mimi msiba wake sikuja, nilikaa Kyerwa na hasira zangu!" Wazee wakaenda na jembe, wakachimba, wakakikuta kisiki pale pale ulipoandika. Mwenyekiti akavua kofia.

Mama alikata tawi kwenye mulamula wako wa makosa akalipanda kando ya kisiki. Mama Kokushubira alilishikilia lisimame wima huku Mama akishindilia udongo kwa kisigino. "Hata kama mibuni imeangukia kwangu, kahawa ya mwaka huu tutachuma wote, dada," yule mama alisema. "Wewe ndiye uliyeipanda." Wakaanza kulia wote wawili, nami nikajiunga nao.

Sasa kitabu chako kiko ofisini kwangu, na gunia lake, juu ya vile vinene. Wateja hunitazama nikikishika kwa mikono miwili, na siwaelezi. Mpaka leo inaniduwaza kwamba mkulima mmoja wa migomba aliyaamini maneno ya kitabu kiasi hicho.

Chini ya maandishi yako nimeongeza neno moja, kwa penseli: "Ameambiwa."

Pumzika, Tata. Shauri lako limekwisha.

Ni mimi, binti yako, kifungua mimba.