Nyuma ya Nyemo

Jumatatu, 4 Novemba

Miguu mizito. Mbio ndefu leo, kutoka kambini hapa Zuzu, kuvuka reli, kupita mashamba ya zabibu, kisha kurudi. Upepo usoni wakati wa kwenda, upepo usoni wakati wa kurudi. Sijui unafanyaje.

Kocha Stanslaus anasema mwanzo wa msimu ni wa kujenga msingi, kasi itakuja yenyewe. Nina miaka ishirini na nane. Msingi nimeujenga mara nyingi, nyumba siioni.

Tuko wanawake kumi na wawili. Watakaokwenda mashindano ya taifa ya mbio za nyika ni sita. Msimu uliopita nilikuwa wa saba. Ule wa kabla yake pia. Mkuu wangu wa masjala ameniruhusu likizo, akasema ni mara ya mwisho. Hakuficha.

Chumbani niko na binti mpya, Nyemo. Mgogo wa kijiji kimoja huku huku, kamaliza kidato cha nne mwaka jana. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo. Nimemwambia aache, mimi si shangazi yake. Haachi.

Jumatano, 6 Novemba

Mazoezi ya kasi kwenye mchanga wa korongo. Nyemo alituacha wote. Sisi tunapigana na mchanga, yeye anapita tu. Kocha alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

Nina wivu. Niandike tu, hakuna atakayesoma. Wivu mpaka ugali haukushuka. Halafu nikarudi chumbani nikakuta amefua soksi zangu pamoja na zake, kazianika dirishani.

Ijumaa, 8 Novemba

Nyemo ameanguka.

Nilikuwa nyuma sana, wenzetu walishafika kambini. Yeye akimaliza huwa anarudi kunifuata. Anasema kukimbia peke yako kunachosha. Tukawa tunarudi wawili, taratibu, ananisimulia habari za mbuzi wao. Akanyamaza katikati ya neno. Kugeuka, yuko chini kando ya uzio wa minyaa, uso mchangani. Hakujikwaa. Hata mikono hakuitanguliza. Nikamgeuza. Macho wazi, hayaoni. Nikaita, nikampiga mashavu. Sijui ilichukua muda gani. Kisha akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetolewa majini.

"Ni jua," akasema.

Jua lilikuwa halijakaza hata kidogo.

Akanishika mkono. "Dada Felista, usimwambie kocha. Nakuomba. Nikirudishwa nyumbani naolewa. Sina njia nyingine."

Nikasema sawa. Kwa nini nimesema sawa.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani, karibu na stesheni. Nyemo aliimba vizuri, watu wakageuka kumwangalia. Wakati wa kurudi akanisimulia bila kuulizwa. Kaka yake mkubwa alianguka akifukuza ng'ombe walioingia shamba la watu. Hakuamka. Alikuwa mzima, anakula, anacheka. Watu wakasema karogwa. Na yeye mwenyewe kaanguka mara mbili shuleni, moja kwenye mbio, nyingine akicheza netiboli. Alisema hayo huku akichuma majani ya njiani, kama habari za mvua ya mwaka fulani.

Mimi si daktari. Kazi yangu kutafuta mafaili. Lakini hili si jua.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia kocha.

Nilimkuta anapanga koni uwanjani. Nikaeleza yote, hata ya kaka. Alisikiliza akiwa ameinama, kisha akanyanyuka.

"Msimu uliopita ulikuwa wa ngapi?"

"Wa saba."

"Na huyu akitoka?"

Jibu lolote lingekuwa baya.

Hata hivyo alimpeleka kwa nesi wa kambi. Nesi akapima presha, akamtoboa kidole kuangalia damu, akamsikiliza kifua. Kila kitu kizuri. Aongeze maji. Nikamfuata nesi pembeni nikamwomba amwandikie rufaa ya hospitali kubwa. Akasema hawezi bila kocha, na kocha kasema mtoto ni mzima. Simlaumu nesi. Hapana, namlaumu.

Nyemo kajua ni mimi. Amesogeza kitanda hadi ukutani. Amelala kanipa mgongo.

Jumatano, 13 Novemba

Siamkiwi tena. Nilitaka aache, ameacha.

Anakimbia vizuri kuliko wiki iliyopita. Mpaka naanza kujiuliza kama niliona nilichoona.

Wenzangu wamesikia. Nikikaa mezani, mazungumzo yanahamia kwenye mboga. Leo Zawadi, msichana wa Singida, aliniuliza kama na yeye nimeshampangia ugonjwa wake. Wakacheka. Nyemo hakucheka. Hakunitetea pia.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempigia kiongozi mmoja wa riadha. Mtu mpole. Akasema mambo ya afya ya mchezaji yanapitia kwa kocha. Nikasema kocha ndiye aliyekataa. Akasema basi niandike barua, niipitishe kwa kocha.

Namba ya baba yake Nyemo ninayo, binti aliwahi kumpigia kwa simu yangu. Mzee Chilongani, mfugaji. Nilitoka hadi nyuma ya jiko, panaposhika mtandao, nikampigia. Kiswahili chake kidogo na mawimbi yalikuwa yanakatika. Nikamwambia, baba, shikamoo, Nyemo anaanguka. Akasema ndiyo, tangu mdogo ana mbio huyo. Nikarudia. Akasema ahsante mwanangu, Mungu akubariki. Simu ikakata. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikamfuata Nyemo mwenyewe. Nikamwambia ajitoe kwenye mchujo wa Jumamosi wa kuwapata wale sita, aseme anaumwa tumbo, twende hospitali wawili. Alikuwa anafunga kamba za raba. Alifunga, akafungua, akafunga upya mpaka nikaondoka.

Hakuna mwingine wa kumwambia. Limebaki jambo moja. Jumamosi nitakimbia nyuma yake. Popote atakapokuwa, niwe nyuma yake.

Tatizo, sina mwendo wa kukaa nyuma yake.

Jumamosi, 16 Novemba

Nikiacha kuandika leo sitaandika tena.

Filimbi ikalia, nikaondoka na Nyemo. Nilikaa mgongoni kwake kabisa, nikikanyaga alipokanyaga. Nilijua nitakwisha kabla ya mzunguko wa kwanza. Sikuisha. Mzunguko wa pili, wale tuliokuwa nao wakaanza kubaki. Wa tatu nikageuka, nyuma kuna vumbi tu. Mimi wa saba wa kila msimu nilikuwa wa pili, na kifua bado kina nafasi. Sijawahi kukimbia hivyo maishani mwangu. Kuna mahali, baada ya mashamba ya zabibu, nilisahau kabisa kwa nini niko pale. Niliutazama mgongo wake nikafikiria kumpita.

Kwenye mwinuko wa mwisho bega lake la kushoto likalegea. Akapiga hatua za mlevi. Nikamdaka fulana, ikachanika, tukaanguka wote.

Alikuwa hapumui. Nikamlaza chali nikambana kifua kwa viganja, kama tulivyoonyeshwa kwenye semina ofisini, ile tuliyokuwa tunasinzia. Sijui kama nilifanya sawa. Nikasikia miguu inakuja. Nikapiga kelele wasimame. Wakapita. Labda walidhani ni mkwaruzo tu, labda hawakutaka kujua. Aliyesimama ni Zawadi. Alimtazama Nyemo, akanitazama mimi, halafu akaacha njia na kukata moja kwa moja katikati ya miiba kwenda kumwita kocha. Na yeye akapoteza nafasi yake hivyo hivyo.

Nilibaki peke yangu naye. Nilibana na kubana. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita mdogo wangu, nikamtukana. Kutoka pale juu mstari wa kumalizia unaonekana. Niliwaona wanaingia mmoja mmoja, watu wanapiga makofi.

Akakohoa. Akavuta hewa. Macho yakarudi, yakanitafuta, na jambo la kwanza aliloniuliza ni nani amepita.

Kocha alikuja na gari akiendesha juu ya matuta ya shamba la mtu. Tulimpakia nyuma, kichwa mapajani mwangu. Njia nzima hadi mjini kocha alikuwa ananiangalia kwenye kioo na mimi nilikuwa namwangalia vilevile.

Jumapili, 17 Novemba

Amelazwa. Haruhusiwi kusimama hata kwenda msalani. Wamembandika nyaya kifuani. Anatazama dari. Nimekaa hadi walipotutoa wageni.

Jumanne, 19 Novemba

Majibu yametoka.

Daktari ni dada wa rika langu. Alizungumza taratibu, akageuza karatasi na kutuchorea. Msuli wa moyo wa Nyemo ni mnene kuliko unavyotakiwa. Kazaliwa nao. Ni jambo la damu, linakwenda ndani ya familia. Huenda ndilo lililomchukua kaka yake, hakuna namna ya kujua sasa. Nesi kusikiliza kifua tu asingeweza kuwa na uhakika, inatakiwa picha ya moyo. Dawa zipo. Wadogo zake wote waletwe wapimwe. Mbio hapana.

"Msimu huu?" Nyemo akauliza.

"Kabisa," daktari akasema. "Pole sana, mdogo wangu."

Mzee Chilongani alikuwa amefika tangu alfajiri, amekalia ukingo wa kiti, fimbo katikati ya magoti. Akauliza kama ataweza kuchunga. Daktari akasema kutembea taratibu sawa, kukimbiza ng'ombe hapana. Mzee akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akauliza kitu kwa Kigogo. Daktari akamtazama Nyemo amtafsirie. Nyemo akakataa. Mzee hakurudia swali lake.

Walipotoka nikabaki naye.

"Ungeniacha," akasema.

"Ungekufa."

"Ningekufa nikiwa wa kwanza."

Ana miaka kumi na tisa. Nikamrekebishia shuka ambalo halikuwa na shida.

Kocha alikuwa kwenye korido, kofia mkononi. Tangu Jumamosi amezeeka. Akasema nafasi ya Nyemo ni yangu, ameona nilivyokimbia, saa haidanganyi. Nilitaka aniombe radhi. Nilitaka nimkatalie. Hakuniomba, na mimi sikukataa. Nilisema sawa kocha.

Nikaingia choo cha wageni nikalia mpaka mtu akagonga.

Jumamosi, 23 Novemba

Walikuja kuchukua vitu vyake, Nyemo na baba yake. Alikunja nguo moja moja. Aliwaaga wote. Zawadi akamkumbatia sana. Kwangu alipita.

Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaendelea kuushika. Alisema maneno marefu kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili akasema tu, "Umenirudishia mmoja." Nikatazama chini.

Nyemo alisimama getini. Wenzetu walikuwa wanapasha misuli uwanjani, wanaruka ruka kwa mistari. Aliwatazama. Niliona visigino vyake vinainuka kidogo kutoka ardhini, vinashuka. Vinainuka. Baba yake akamgusa bega wakaenda. Alitembea kwa hatua fupi, polepole, mtu anayejifunza.

Jumanne, 26 Novemba

Kocha ananipanga mbele siku hizi. Nakimbia. Saa inasema vizuri. Mimi sisikii chochote, vumbi tu kooni.

Kabla ya mazoezi amemleta daktari kupima mioyo ya wote. Hakueleza, hakumtaja mtu. Tulipanga foleni. Nilitaka kufurahi.

Jumapili, 8 Desemba

Nyemo amepiga simu. Mchana, nikiwa nimejinyoosha kitandani. Kwanza sikuitambua namba.

Akasema anameza dawa. Akasema wanapanda uwele, yeye kapewa kigoda, anatoa mbegu tu. Baba yake hajataja habari za kuolewa, na hao waliokuwa wanakuja kumposa wamesikia habari ya moyo, hawaji tena. Alicheka kidogo hapo. Sikujua kama na mimi nicheke.

Akauliza kuna nani kwenye kitanda chake. Nikasema hakuna.

Kisha akasema wadogo zake wamepimwa. Wawili wazima. Wa mwisho, Yohana, yuko kama yeye.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita. Wamemwambia asikimbie."

Nilisikia mvua upande wake, inaanza kudondoka juu ya bati, halafu nyingi. Huku kwetu bado kulikuwa na jua. Nilisikia pia watoto wanapiga kelele uani, na mtu mzima anawaita waingie ndani.

"Bado nina hasira na wewe, dada," akasema.

"Najua."

"Piga wewe Jumapili ijayo. Mimi sina vocha."

Nikasema nitapiga. Nimebaki nimelala na simu kifuani mpaka kengele ya mazoezi ya jioni. Nimevaa raba. Nimekwenda.